Nyuma Pamekaza

Cheni iliruka mara ya kwanza Jumatano asubuhi, mbele ya banda letu, pale njia inapoanza kupanda. Mdogo wangu alikuwa amesimama juu ya pedeli, kakaza shingo kama jogoo anayetaka kuwika, mara: kra! Mguu wa kulia ukazama bila kukuta kitu, kifua kikagonga usukani. Akashuka anacheka huku akijisugua.

"Baba! Baiskeli yako inakohoa."

"Si yangu, ni ya Kocha," alisema Baba bila kuinua uso. "Yangu ni kazi tu. Ilete."

Mshona viatu, ambaye kibanda chake kimeliegemea banda letu kama mlevi aliyepata ukuta, alitoa uzi mdomoni. "Mpe dawa ya kifua, Fundi. Ikikohoa hivyo Jumamosi huko mlimani, mtoto atarudi na meno yake kiganjani."

"Meno yangu mazima, baba mdogo," alisema mdogo wangu. "Hofia yako mawili yaliyobaki."

Ndiyo maana tunamwita Chiriku. Maneno yote ya nyumbani kwetu alipewa yeye. Mimi niliachiwa masalio, na wateja wengine waliamini kwamba mimi ni bubu mpaka siku niliyopiga chafya.

Jumamosi ilikuwa siku ya majaribio. Kocha wa klabu ya baiskeli za mlimani alitaka wasichana wachache wa kwenda kambini: kulala huko, kula huko, kufundishwa na kushindana mwaka mzima. Chiriku alikuwa akifua nguo za watu. Kocha alimwona siku moja akipeleka nguo kwa wenyewe kwa baiskeli nyeusi ya Baba, furushi limefungwa nyuma kwa mpira, anapanda kilima chetu bila kushuka. Watu wazima hushuka kwenye kilima kile na kusukuma. Chiriku hakuwahi kushuka. Kocha akamfuata hadi nyumbani, akaongea na Baba, akamwazima baiskeli ya klabu ajizoeze. Akichaguliwa, angeondoka nayo. Asipochaguliwa, baiskeli ingerudi klabu siku hiyohiyo, naye angerudi kwenye beseni.

Baba aliitundika baiskeli kwenye kulabu, akazungusha pedeli kwa mkono. Cheni ikapita kwenye meno ya nyuma kimya, laini kama mafuta.

"Mnaona? Hailii. Ni cheni tu, ndefu."

Baba ni fundi wa baiskeli nyeusi tangu kabla sijazaliwa. Kwenye baiskeli hizo cheni ikiruka, ni ndefu au imelika, hakuna hadithi nyingine. Lakini baiskeli ya mlimani ina meno mengi nyuma, na haiwezi kusema ukweli ikiwa imetundikwa. Mpaka ibebe mtu, tena kwenye mlima.

"Na huku nyuma?" niliuliza. Sauti yangu ilitoka ndogo sana, nikadhani hakusikia.

"Nyuma usiguse," alisema. "Nyuma pamekaza."

Akatoa pingili moja ya cheni.

Hapa inabidi niseme juu ya mkono wa Baba. Mwaka uliopita, kabla ya mvua, aliamka mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia haushiki kikombe. Mdomo ulirudi. Mkono nao ulirudi, ila nusu. Aliweza kula, kuvaa shati, kuziba pancha, kunyoosha njiti za gurudumu kuliko fundi yeyote. Kilichopotea ni kukaza. Alikuwa akivuta spana mpaka mshipa wa shingo unatoka, nati bado inacheza, naye anasema, "Imekaza," kwa sababu ndivyo mkono ulivyomwambia.

Nilijua siku nilipompa mteja baiskeli yake, akaisukuma hatua chache, pedeli ikang'oka ikabaki chini. Mteja alicheka, akadhani ni ushamba wangu. Baba alikuwa ndani, nikairudisha haraka. Toka siku hiyo nikawa ninapitia nyuma yake. Akimaliza kufunga kitu, akavuka barabara kwenda kwa mama wa chai, mimi nachukua spana na kupitia nati moja baada ya nyingine: hapa robo mzunguko, pale nusu. Akirudi ananikuta nafagia. Banda letu lilikuwa safi kuliko hospitali.

Hatukuwahi kulisema. Mama hayupo siku nyingi, na Baba ndiye aliyetulea kwa mkono huohuo. Niliacha shule darasa la tano, Mama alipoanza kuugua, nikaja kukaa na Baba bandani, na yote ninayoyajua niliyajua nikitazama mkono ule. Sasa nimwambieje kwamba umekwisha?

Gia mpya za nyuma Kocha alizileta Jumatatu. Ni zile sahani za meno zinazopangwa moja juu ya nyingine, kubwa mpaka ndogo, kisha zinabanwa na nati moja ya duara yenye meno kwa ndani. Nati hiyo haishikwi na spana. Ina ufunguo wake wa meno, na mtaani kwetu hakuna fundi aliyekuwa nao. Kocha aliutoa begini mwake.

"Mzee, nifunge mimi?"

"Mtoto ni wangu," alisema Baba. "Nitafunga mwenyewe."

Alifunga. Niliona kiwiko chake kinatetemeka. Alifuta jasho, akasema, "Imekaza," kisha akafuta mikono akavuka barabara kwenda kunywa chai, ingawa alikuwa ametoka kunywa chai.

Nilisimama na ufagio nikingoja Kocha naye aende zake. Hakwenda. Alikaa benchi, akatazama simu, akauliza kama tuna maji ya kunawa. Aliponawa aliutia ufunguo begini, akafunga zipu, akaniaga. Maneno yalikuwa mawili tu, "Niazime kidogo." Hayakutoka. Nilimwitikia kwa kichwa.

Nati ile ndiyo pekee ambayo sikuipitia.

Basi Jumatano Baba alitoa pingili, Chiriku akapanda kilima. Kra. Alhamisi Baba alihamia kwenye waya wa gia. Aliulegeza, akauvuta, akazungusha kile kichwa kidogo cha plastiki huku na huku, sikio limeinamia gurudumu kama daktari. Kwenye tambarare baiskeli ikaenda vizuri.

"Dawa imeingia!" alipiga kelele mshona viatu.

Chiriku akageuza kuelekea kilimani. Kra. Kra-kra. Safari hii hakucheka. Alirudi akisukuma, goti limechubuka.

"Labda mkono wa gia umepinda," alisema Baba. Akachuchumaa, akafumba jicho moja, akautazama ule mkono mdogo unaoning'inia chini ya meno. Ulikuwa umenyooka. Akapaka mafuta. Akabadili gurudumu la mbele kwa la nyuma kichwani mwake, nilimwona, midomo ikienda bila sauti. Wapita njia nao wakaanza kutibu. Muuza mkaa alisema ni tairi. Mama wa chai alisema ni uzito wa msichana. Mwanamume mmoja asiye na baiskeli wala kiatu kizuri alisema zile za mlimani zote ndivyo zilivyo, zimetengenezwa na watu wasio na milima. Siku hiyo kila mwenye mdomo alikuwa fundi, isipokuwa mimi.

"Cheni yenyewe ya bandia," Baba alimaliza. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka. "Nimepita kila mahali."

"Nyuma je, Baba?" aliuliza Chiriku.

"Nimeshasema, nyuma pamekaza." Akaniangalia mimi aliposema hivyo, si Chiriku. Niliinamisha uso. Nilidhani ananikanya.

Ijumaa mchana Baba alijinyoosha kwenye benchi akasinzia. Nilitoa gurudumu la nyuma, nikakaa nalo mlangoni penye mwanga. Nikazishika zile gia kwa vidole vyote, kama unavyoshika mfuniko wa chupa, nikatikisa.

Kacha-kacha.

Zilicheza zote. Sahani kubwa ilikwenda huku, ndogo ilikwenda kule, na katikati palikuwa na nafasi ya kupitisha ukucha. Cheni ingetuliaje juu ya kitu kama hicho? Unapozungusha bila mzigo zinakaa kwa adabu. Unapozikanyaga kwa nguvu zote, kila moja inakwenda kwao.

Nilijua tangu Jumatano. Lakini kujua kichwani ni kitu kimoja, na kusikia kacha-kacha mkononi ni kingine.

Nilichukua bisibisi na nyundo. Niliweka ncha ya bisibisi kwenye jino la nati, nikagonga taratibu ili Baba asiamke. Bisibisi iliteleza. Nikagonga tena. Nati haikusogea hata unywele, ila jino lake moja lilimeguka, likaanguka kwenye sakafu kama punje ya sukari. Niliacha hapo hapo. Kama ningeendelea, hata ufunguo wenyewe usingepata pa kushika.

"Unamchinja nani?"

Chiriku alikuwa amesimama nyuma yangu, ananuka sabuni, mikono imekunjamana kwa maji. Nilimpa gurudumu. Alitikisa mara moja, akanyamaza, na Chiriku kunyamaza ni jambo.

"Hii si cheni," alinong'ona.

"Si cheni."

"Toka lini?"

"Toka Jumatatu. Ufunguo aliondoka nao Kocha."

Alimtazama Baba pale benchi, mdomo wazi, mkono wa kulia umelala juu ya tumbo kama kitu cha kuazima. Yeye pia alikuwa anajua. Humo ndani hakuna aliyekuwa hajui, kila mtu alikuwa amebeba lake kimya kimya.

"Mwambie, dada."

"Mwambie wewe, una mdomo."

"Mdomo wangu ni wa kusengenya watu, si wa kumuua mtu."

Alimpigia Kocha. Simu haikupatikana. Akapiga tena na tena mpaka simu yake ikamalizika chaji, akaitukana kama mtu. Mwishowe tulikubaliana hivi: kesho mlimani Chiriku atamchukua Baba pembeni na kumjaza maneno, na mimi nitamwomba Kocha ufunguo. Kuufungua mzigo ule kunataka zana mbili na nguvu. Kuukaza kunataka ule ufunguo mmoja tu, na mkono mzima. Ni kazi ya muda wa kupiga chafya moja.

"Utaweza?" aliniuliza.

"Nitaweza."

"Apa."

Niliapa.

Jumamosi Baba alivaa shati jeupe alilopiga pasi mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, kola imekwenda upande. Tulitembea naye hadi chini ya mlima wenye tangi la maji juu yake. Njia ya kokoto ilipanda moja kwa moja, ikakata kona, ikapotea nyuma ya miti. Wasichana walikuwa wanajinyoosha misuli. Wengine baiskeli zao ziling'aa mpaka unajiona.

Mambo yalikwenda kombo tangu salamu.

"Shikamoo, mzee!" Kocha alimdaka Baba kabla Chiriku hajafungua mdomo. Akamshika bega, akamgeuza kwa wenzake wa klabu. "Huyu ndiye fundi. Gia za nyuma kazifunga kwa mkono wake, nikiona kwa macho yangu. Mafundi wa aina hii wanakwisha."

"Marahaba, marahaba," alisema Baba. Alisimama wima kuliko nilivyomwona mwaka mzima. Mkono wa kulia aliutia mfukoni.

Begi la Kocha lilikuwa chini, karibu na miguu yangu, zipu wazi. Ufunguo wa meno ulikuwa juu kabisa, juu ya taulo. Ningeweza kuinama. Nilisogea. Kocha akaniona.

"Unataka kitu, binti?"

Wote waligeuka. Wanaume wa klabu, wasichana wawili, Baba. Baba alinitazama kwa macho ya kungoja, kama mtu anayetaka usaidizi lakini hataki kuomba. Nilifungua mdomo.

"Maji," nilisema.

Kocha alinipa chupa. Nilikunywa maji nisiyokuwa na kiu nayo mpaka nikapaliwa.

Chiriku alinipita akisukuma baiskeli. "Umeupata?" aliuliza kwa macho tu. Nilitikisa kichwa. Alisimama kidogo. Yeye ana mdomo, nilijiambia, atasema. Kocha akamwuliza, mbele ya wote:

"Mwanariadha wangu, chombo kiko sawa?"

Chiriku alimtazama Baba na shati lake jeupe.

"Kiko sawa, Kocha," alisema kwa sauti kubwa. "Gia kazifunga Baba."

Filimbi ikalia.

Alianza vizuri. Alichagua gia nyepesi, akakaa kwenye siti, hakusimama. Nilielewa anachofanya: alikuwa anaibembeleza. Mpaka katikati ya mlima alikuwa na wale wa mbele, na mshona viatu, ambaye alifunga kibanda chake akatufuata bila kualikwa, alikuwa anaruka na kiatu cha mteja mkononi. "Wamwagie vumbi! Wamwagie!"

Kabla ya kona mlima unazidi. Wenzake wakasimama juu ya pedeli. Angebaki ameketi, wangemwacha. Akasimama.

Kra.

Tulisikia kutoka chini kabisa. Akaketi, akabadili gia. Gia haikushika, cheni ikawa inatafuta pa kukaa. Akasimama tena. Kra-kra-kra, mguu ukazama, baiskeli ikayumba, mmoja akampita, mwingine akampita. Nilikuwa nimeshika shati langu kwa mikono miwili. Sikuwa na la kufanya, na watu wote waliosimama pale hawakuwa na la kufanya, lakini wao hawakujua.

Kisha Chiriku akashuka. Akaikamata baiskeli kwa usukani na siti, akakimbia nayo kokotoni, anasukuma, mgongo umeinama. Hivyo ndivyo alivyopotea kwenye kona.

Wote waliporudi chini, Kocha aliwaita waliochaguliwa wakasimama kando. Chiriku hakuitwa. Alikuwa amekaa chini, miguu imenyooka, vumbi limechora njia za jasho usoni.

"Mapafu unayo," Kocha alimwambia. "Ila siku yenyewe ndiyo hii. Njoo mwakani."

"Mwakani," alisema Chiriku. Hilo tu.

Baba alikuwa ameshafika kwenye baiskeli. Aliilaza, akazishika gia za nyuma kwa mkono wake mzima, wa kushoto, akatikisa. Kacha-kacha. Akatikisa tena, polepole. Nilingoja ageuke kwa Kocha, au autazame ule mkono mwingine. Alinitazama mimi.

"Hukuipitia," alisema.

Sikuelewa.

"Jumatatu. Nilikwenda chai." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya watu wawili tu. "Nilidhani umeipitia."

Kokoto zilikuwa za moto chini ya miguu yangu. Niliikumbuka chai ile, chai juu ya chai. Nikakumbuka chai zote, za mwaka mzima, jinsi alivyokuwa akikohoa kwa nguvu anapovuka barabara kurudi, kabla hajafika mlangoni.

"Kocha aliondoka na ufunguo," nilisema.

"Ungeniambia, mama."

"Ningekuambiaje, Baba?"

Alikaa chini kando ya gurudumu na shati lake jeupe. Ndiyo maana hakuwahi kugusa nyuma siku zote zile, alipokuwa akikata cheni na kuvuta waya. Nyuma palikuwa pamepitiwa. Alikuwa na hakika na mkono wangu.

Kocha alikuja na begi lake. Alisikiliza kacha-kacha, akasema, "Aa, kumbe." Akatoa gurudumu, akatia ufunguo, akavuta mara moja. Nati iliguna, ikatulia. Akatikisa gia, kimya.

"Kumbe jambo dogo tu," alisema.

Kisha wakaipakia baiskeli kwenye gari la klabu pamoja na nyingine. Tuliitazama ikifungwa kamba.

"Angalau imepona kifua," alisema Chiriku. Mshona viatu alianza kucheka, akaona nyuso zetu, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

Jumatatu mteja wa kwanza alileta baiskeli nyeusi yenye gurudumu linalocheza. Baba alilinyoosha, akalirudisha, akakaza nati mpaka mshipa wa shingo ukatoka. Mteja alikuwa amesimama palepale. Nilishika ufagio, nikangoja Baba avuke barabara.

Hakuvuka. Hakusema imekaza. Alininyooshea spana, mbele ya mteja, bila kunitazama.

Niliichukua. Nati ilizunguka nusu nzima kabla ya kutulia, na ilikuwa nusu ndefu kuliko zote nilizowahi kuzungusha. Mteja alitazama mkono wangu, akatazama wa Baba. Kwenye kibanda cha pili sindano ya mshona viatu ilisimama.

Nje Chiriku alipita na furushi la nguo za watu, amesimama juu ya pedeli za baiskeli nyeusi ya Baba, anapanda. Nilitega sikio mpaka akafika juu. Cheni haikutoa sauti yoyote.